DDT au pareto: ipi hubaki shambani?

DDT ni kemikali ya kiwandani na pareto ni dawa itokanayo na ua; zote mbili huua wadudu kwa kushambulia mishipa yao ya fahamu. Tofauti iko kwenye kinachobaki baada ya mdudu kufa.

DDT haipendi maji, hupenda mafuta. Ikifika ardhini hung'ang'ania mboji, na nusu yake tu kutoweka inaweza kuchukua miaka 2 hadi 15. Tena "kutoweka" si neno la haki hapa, maana vijidudu vya udongo huigeuza kuwa DDE, kemikali ndugu yake, ambayo nayo ni sugu. Kule Vikuge, Kibaha, shehena ya viuatilifu iliyoletwa kutoka Ugiriki mwaka 1986 iliachwa ghalani hadi jengo likabomoka. Watafiti waliopima udongo miaka mingi baadaye bado waliikuta DDT. Karoti zikilimwa kwenye udongo wenye DDT huihifadhi zaidi kwenye ganda, kwa hiyo kumenya husaidia kuliko kuosha. Baadhi ya jamii za maboga huivuta toka mizizini hadi kwenye shina. Ng'ombe akila majani yenye vumbi la udongo huo, sumu huishia kwenye maziwa.

Pareto, lile ua jeupe lenye kitovu cha njano linaloanikwa Mufindi na Molo, ni kinyume chake. Jua huivunja sumu yake kwa saa chache. Kwenye udongo ni siku kadhaa. Mkulima hulazimika kurudia kupuliza, na inagharimu. Pia huua nyuki na samaki, basi pulizeni jioni, mbali na mto.

Kwa mboga za kuliwa, mimi nachagua pareto.