Chumba cha mikutano cha kukodi mjini Moshi: kinafaa kuandalia mada, si kuitolea

Jumamosi iliyopita, mimi na wenzangu wawili tulikodi chumba cha mikutano katikati ya mji wa Moshi, ili tuandae mada tutakayoitoa mwezi ujao mbele ya watengenezaji programu wenzetu kuhusu mabadiliko ya fremuweki za wavuti, yaani misingi ya msimbo iliyo tayari ya kujengea tovuti. Jina la chumba silitaji, kwa kuwa sehemu ya maelezo yangu ni lawama. Bei ni shilingi 60,000 kwa siku, pamoja na chai na maandazi ya asubuhi, nami naiona kuwa ya haki.

Kilichotufaa kuliko vyote ni ubao mweupe unaochukua ukuta mzima. Mada ya namna hii huharibika pale msemaji anapogeuza historia kuwa orodha ya majina na miaka, na kwenye slaidi kosa hilo hujificha. Ubaoni tulichora mstari mmoja kuanzia CGI ya mwaka 1993, njia ya awali ya kuunda kurasa kwa programu, na lugha ya PHP ya Rasmus Lerdorf ya 1995, tukapita fremuweki za Rails ya 2004 na Django, iliyozaliwa katika gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, na kutolewa kwa umma mwaka 2005, hadi AngularJS ya 2010 na React ya 2013. Kisha chini ya kila jina tukajibu swali moja tu: ukurasa unaundwa kwenye seva (kompyuta inayotuma tovuti) au kwenye kivinjari (programu ya msomaji ya kufungulia tovuti)? Majibu yalipokaa pamoja, ilionekana wazi kuwa kazi ilihama kutoka seva kwenda kwenye kivinjari, na kwamba Next.js ya 2016 ilianza kuirudisha ilikotoka. Laravel ya 2011, fremuweki ya PHP ambayo mimi mwenyewe naitegemea kwa riziki, ilikataa kuingia katika simulizi hiyo, maana haikuwahi kuihama seva. Tulibishana juu yake karibu saa nzima.

Intaneti ndiyo iliyotuangusha. Tangazo la chumba linaahidi kasi, lakini tulipoanzisha mradi mpya wa React, ambao huvuta mtandaoni rundo la pakeji (vifurushi vya msimbo ulioandikwa na wengine) kabla ya kuonyesha chochote, upakuaji ulikwama mara tatu, ilhali faili moja la PHP lenye mistari kumi lilifanya kazi papo hapo kwenye kompyuta yangu bila mtandao wowote. Tofauti hiyo imekuwa kiini cha mada, nasi tutaionyesha hadharani. Hilo halimwondolei mwenye chumba lawama: mhudumu tulipomweleza alitushauri tununue bando.

Umeme ulikatika saa nane mchana, jenereta ikawaka baada ya dakika mbili, ingawa tangu hapo projekta ilitoa picha ya rangi ya manjano. Jambo jingine dogo: dirisha kubwa limeelekea mlimani, na mawingu yalipofunguka jioni Kibo ikajitokeza, hata sisi watatu tuliacha ubao tukasimama kuitazama. Anayetaka kusikilizwa saa hizo na ageuze viti.

Kwa kupanga mada nitakikodi tena bila kusita. Kwa siku ya kuitoa, ambapo mfano unaoonyeshwa ukikwama chumba kizima kinakutumbulia macho, tumekwisha kuweka nafasi kwingine, na pakeji zote zitapakuliwa nyumbani usiku wa kuamkia siku hiyo.