Bagamoyo kwa wikiendi: angalia mwezi kabla ya kulipia chumba (uzoefu wangu)

Kwa mtu wa Dar anayetafuta ufukwe wa karibu, Bagamoyo iko kama kilomita 70 tu kaskazini, na lalamiko la wageni ni lile lile: "Tumefika, bahari hatuioni." Ufukwe wake umelala, karibu hauna mteremko, kwa hiyo maji yakipwa yanakwenda mbali sana na kukuachia mchanga wa tope.

Dawa yake ni kuhesabu mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kuliko kawaida: pwani hii maji hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi na kujaa mnamo saa 10 jioni. Mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka. Maji hujaa asubuhi na kupwa jioni, ila ni maji mafu, hayatoki mbali wala hayajai sana. Kila siku muda husogea mbele kwa takribani dakika 50. Kuogelea kwa raha ni kuanzia masaa mawili kabla ya maji kujaa hadi lisaa limoja baadaye. Usitegemee maji ya kioo kama ya Nungwi, Unguja. Mto Ruvu humwaga tope lake kaskazini mwa mji, na masika, Machi hadi Mei, rangi ni ya kahawia tu.

Ufukwe huo huo ndio ulioupa mji umaarufu. Majahazi ya Unguja yaliweza kukaa mchangani maji yakipwa na shehena ikashushwa kwa mabega, ndipo misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa kutoka bara ikaishia hapa. Lakini meli kubwa za Wajerumani zilitia nanga mbali, na mwaka 1891 makao makuu ya koloni yakahamia Dar es Salaam penye bandari ya kina.

Maji yakipwa, nenda Kaole, kama kilomita 5 kusini. Bodaboda au bajaji, na mpatane bei ya kwenda, kusubiri na kurudi, maana pale huokoti usafiri kirahisi. Kwangu hapa ndipo penye thamani ya safari yote: magofu ya misikiti, mmoja ukikadiriwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo ndefu zilizokuwa zimepachikwa bakuli za kauri za China. Siku hizi mikoko imesimama kati ya magofu na bahari. Beba kitambulisho, kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni si kimoja.

Mji Mkongwe ni wa kutembea kwa miguu: Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani la 1897, Caravanserai (kituo cha kupumzikia misafara). Baadhi ya nyumba zimechoka mno, usiingie ndani bila mwenyeji. Na mwongoza watalii mkubaliane bei kabla hamjaanza, na simulizi za mahandaki ya siri zipokee kama simulizi. Misheni ya Kikatoliki, iliyoanza 1868, ina makumbusho yaliyopangwa vizuri, na mnara wa kanisa la zamani ambako mwili wa mpelelezi David Livingstone ulilazwa Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka eneo ambalo leo ni Zambia. Anza saa 2 asubuhi. Kufika saa 6 jua limeshakuchosha.

Chakula: samaki wa kukaanga na pweza soko la samaki, rahisi kuliko hotelini na wabichi zaidi. Wapenda ngoma wapige simu TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa, kwanza, maana si kila wikiendi kuna onyesho.

Vyumba vya ufukweni vipo vya kila aina. Uliza kama kuna jenereta na chandarua. Mbu wa jioni hawana adabu.

Mabasi ya Bagamoyo hupatikana kituo cha Makumbusho, Dar. Tatizo ni kurudi: Jumapili jioni foleni ya Tegeta hadi Mwenge haina huruma, hivyo uwe barabarani kabla ya saa 8 mchana. Kwa wikiendi ya bamvua maana yake ni moja, bahari ni ya Jumamosi jioni na Kaole ni ya Jumapili asubuhi.