NAD 3020 sebuleni Kamalondo, Lubumbashi: wati 20 dhidi ya wati 1,000 za kwenye kasha

Kabla ya NAD 3020, ampli (kikuza sauti) ninayoitumia sasa, nilikuwa na nyingine, mpya kabisa, ambayo kasha lake liliandikwa wati 1,000 kwa herufi kubwa. Muuzaji wa duka moja la katikati ya mji wa Lubumbashi aliniapia kwamba ingeziendesha bafle zangu, yaani spika, bila taabu yoyote. Mwezi wa pili tangu niinunue, Jumapili jioni, nilipoongeza sauti ili wageni waliokaa uani wasikie magitaa ya rumba, twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) ya bafle ya kushoto ilinyamaza. Ndipo nilipoigeuza ampli na kusoma kibati cha nyuma, jambo nililopaswa kulifanya dukani: chombo chenyewe kilikuwa kikila wati 60 tu za umeme, na hakuna ampli inayoweza kuendelea kutoa nguvu nyingi kuliko inayopokea.

Wengi huamini kwamba bafle huunguzwa na ampli yenye nguvu mno. Mimi niliunguziwa na ampli dhaifu. Ikisukumwa kupita uwezo wake, ampli hukata vilele vya mawimbi ya sauti, na mkato huo huzaa sauti kali nyembamba ambazo huelekezwa kwenye twita, iliyoundwa kupokea nguvu kidogo tu.

NAD 3020, iliyotoka mwaka 1978 na kusanifiwa na Erik Edvardsen, inaahidi wati 20 kwa kila upande kwenye bafle za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa bafle dhidi ya umeme). Niliipata ikiwa imetumika, kwa dola 120, nikamlipa fundi dola 35 asafishe kitufe cha sauti kilichokuwa kikikwaruza na kubadilisha kapasita (vipuri vinavyohifadhi chaji ya umeme) zilizochoka. Nyuma yake ina swichi inayolainisha ule mkato wa vilele ampli inapozidiwa; mimi naiacha imewashwa daima.

Je, wati 20 zinatosha? Jibu liko kwenye bafle. Zangu, nilizozitia twita mpya, hutoa desibeli 90 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati moja, zikipimwa umbali wa mita moja, kwa hiyo wati 20 huzifikisha karibu desibeli 103, kelele ya kutosha kuwaamsha majirani. Bafle za desibeli 84 zingehitaji nguvu mara nne, yaani wati 80, ili kufikia sauti ileile. Ndiyo maana kuuliza wati za ampli bila kuuliza desibeli za bafle ni kununua viatu bila kupima mguu.

Omu nazo zinataka uangalifu, kwa sababu kadiri zinavyopungua ndivyo bafle inavyovuta mkondo mwingi zaidi, na namba iliyoandikwa ni ya kukadiria tu: bafle zangu za omu 6 hushuka chini ya hapo kwenye baadhi ya noti za besi. Ampli ya zamani ilikuwa ikipoteza besi papo hapo. NAD huishika, na gitaa la besi linasikika noti kwa noti badala ya mvumo mmoja. Hata hivyo, shemeji yangu aliponiomba niunganishe jozi ya pili ya bafle kwenye vibano vilevile vya nyaya ili muziki ufike uani, nilikataa, kwani omu 6 mbili zikiunganishwa sambamba hubaki 3, na sikutaka kuitesa ampli yenye umri kama wangu.

Haina rimoti, na vibano vyake hukubali nyaya nyembamba tu. Umeme wa mtaani kwetu hupanda na kushuka, kwa hiyo naitumia kupitia kidhibiti cha umeme. Kwa harusi au matanga haifai hata kidogo. Huko kodisheni mitambo ya ukumbini. Kwa santuri za zamani, ambazo ina tundu lake maalumu la kuzipokea, na kwa chumba cha mita 4 kwa 5, sijaona sababu ya kuibadilisha.