Sufuria Nzito ya Kusubu: Pilau Safi, Shaka Kubwa

Kwa upishi peke yake, sufuria hii ya alumini iliyosubiwa na fundi wa mtaani inastahili sifa. Kitako chake ni kinene, moto wa mkaa huenea sawasawa, pilau haliungui, na mfuniko wake unahimili makaa wakati wa kupalia. Masikio yamesubiwa pamoja na mwili, kwa hiyo hayalegei.

Ninachokitilia shaka ni kile kilichomo ndani ya alumini yenyewe. Mafundi huyeyusha vyuma chakavu vya kila aina, kuanzia vipande vya injini na rejeta hadi makopo, na hawana kifaa cha kuwaonyesha kipande kipi kina risasi, ile metali nzito iliyomo kwenye betri za magari. Muuzaji nilipomuuliza asili ya chuma chake, alinisifia uzito wa sufuria. Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ashland, Marekani, na wenzao walichapisha matokeo ya kupima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwamo, na takriban theluthi yake vilitoa risasi ya kiasi cha kuhatarisha afya. Vilipimwa kwa kuchemshiwa maji yenye asidi ya siki, na jikoni kwetu kuna nyanya, ukwaju na ndimu zinazotokota muda mrefu. (Kuisugua kwa mchanga mpaka ing'ae, jambo tunalolionea fahari, huondoa utando unaoikinga.)

Mwili huipokea risasi kana kwamba ni kalisi (kalsiamu), madini yanayojenga mifupa. Ndiyo maana hupenya hadi kwenye ubongo wa mtoto unaokua, ikapunguza uwezo wake wa kujifunza na kutulia, na inayobaki hukaa mifupani kwa miongo kadhaa, ikaweza kurudi damuni mama anapopata ujauzito. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote kilicho salama. Kwa hiyo uimara wa sufuria hii naushuku, maana itapika miaka mingi, na kidogo kidogo hicho hulimbikizana.

Kwa nyumba yenye watoto au mjamzito siipendekezi, hata kwa bei yake nafuu. Sufuria ya chuma kisichoshika kutu ni ghali zaidi na wali hushika chini upesi, lakini moto ukipunguzwa mapema kasoro hiyo inavumilika.