Shizutani, shule ya enzi za samurai huko Okayama: uzoefu wangu

Aisee kama upo Japani na umechoka na makasri ya kupanda ngazi kwa foleni, nendeni Shizutani, iko Bizen mkoa wa Okayama. Mimi nilishuka stesheni ya Yoshinaga, mabasi ni ya kuhesabu so nikaamua kutembea tu, kama kilomita 3 hivi, ukiwa na wazee au watoto chukueni teksi msiteseke bure. Kiingilio nililipa yen 400, kwa nilichokiona naona ni kama bure.

Sasa hii shule ilianzishwa 1670 na Ikeda Mitsumasa, alikuwa ndo mtawala wa Okayama enzi hizo, na hakutaka iwe ya watoto wa samurai peke yao, watoto wa wakulima na watu wa kawaida nao waliingia. Yani miaka ya 1600 huko! Kazi ya kujenga alimpa mtu wake Tsuda Nagatada, na huyu jamaa ndo kanimaliza kabisa, maana alijenga akijua kabisa kwamba bosi atakufa na watawala watabadilika. Akaitengea shule mashamba yake na msitu wake, ijitegemee, ili hata ukoo wa Ikeda ukihamishwa masomo yaendelee. Halafu kati ya mabweni na ukumbi wa masomo akaweka kilima cha kutengeneza, kazi yake kuzuia moto, kwa sababu bwenini ndo kuna majiko na taa na vijana. Na kweli baadae mabweni yaliungua, ukumbi ukabaki mzima. Watu wengi wanakipita kile kilima wanadhani ni bustani tu, msikipite.

Ukumbi wenyewe ulikamilika 1701, ni hazina ya taifa. Paa ni vigae vya udongo wa Bizen, vyekundu vyekundu hivi na kila kimoja rangi yake kidogo, sio kama mapaa meusi uliyozoea kuona huko. Ndani hakuna samani, ni mbao tupu, sakafu imepakwa laka na imesuguliwa mpaka madirisha yanajiona chini. Na sio ya kuangalia tu, mpaka leo vikundi vya wanafunzi wanaletwa wanakaa humo chini kwa magoti wanasoma kwa sauti mafunzo ya Konfusio, yule mwanafalsafa wa kale wa China. Mi naona hapo ndo wamepatia, jengo likifungwa kufuli linaoza haraka kuliko likitumika.

Ukuta sasa. Mita 765 za mawe, unazunguka eneo lote, juu umeviringwa kama mgongo wa boflo na mawe yamebanana hasa. Kumbe ndani walijaza kokoto zilizooshwa ili udongo usiwepo na majani yasiote, yani miaka mia tatu na kitu na ukuta hauna magugu, halafu mimi kwetu ukuta wa juzi tu umeshapasuka 😂

Kuna miti miwili mbele ya hekalu la Konfusio, mbegu zake zilitoka China kwenye makaburi ya Konfusio mwaka 1915. Novemba mmoja unakuwa mwekundu mwingine njano, na ndo kila mtu na kamera yake anakuja. Pazuri sana kwa picha ila kama shida yako ni shule yenyewe nenda siku ya kazi mwezi mwingine, utatembea kando ya ukuta mwenyewe bila kusukumana. Pitia na makumbusho pia, ipo kwenye jengo la shule la 1905, maana baada ya utawala wa samurai kuisha eneo liliendelea kuwa shule kwa miaka mingi tu. Vaeni viatu vya kuvulika haraka, na maji mbebe.