Hati za Lamu mikononi mwangu: uzoefu wangu na maktaba za kidijitali

Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Lamu, na utenzi wa Mwana Kupona, wosia wa mama kwa bintiye, anao moyoni tangu utotoni. Mimi nafundisha Kiswahili sekondari hapa Mombasa, na mpaka mwaka jana nilikuwa nimeusoma kwa herufi za Kirumi tu. Usiku nilipofungua makusanyo ya kidijitali ya SOAS, Chuo Kikuu cha London, nikaona hati zetu zilivyoandikwa kwa mkono, kwa khati ya Kiarabu, sikulala mpaka adhana ya alfajiri.

Sikulipa chochote ila bando. Unachofunguliwa ni picha ya ukurasa wenyewe, nawe waweza kuukuza hadi uone wino ulipokolea na ulipofifia. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo kitabu hakikunionyesha kamwe. Ubeti wa utenzi hauandikwi kipande chini ya kipande kama tunavyowafundisha watoto. Mara nyingi vipande vyote vinne hulala kwenye mstari mmoja, kutoka kulia kwenda kushoto, vikitengwa kwa alama ndogo. Basi kina cha bahari, yaani cha kipande cha mwisho kisichobadilika, ile "-ia" ya Mwana Kupona, kinateremka ukingoni kushoto kutoka ubeti hadi ubeti, kama shanga kwenye uzi. Miaka yote nimekuwa nikieleza bahari ubaoni kwa chaki, na kumbe katibu, yule mwandishi wa hati, alikuwa ameshaichora.

Kusoma ni kazi nyingine. Nilihitimu Kurani chuoni, yaani madrasa, nikiwa mdogo, nikadhani nitateleza tu. Wapi! Kiarabu kina irabu fupi tatu na Kiswahili kina tano, kwa hiyo alama moja ya kasra hubeba "i" na "e", na dhuma hubeba "u" na "o". Herufi ya "b" mara nyingi husimama pia badala ya "p" na "mb". Utenzi unaanza kwa neno "negema", yaani nikaribie, na kwa macho ya chuoni ningelitamka "nigima" nikapita. Nilipokwama nilimsomea bibi nusu ya mstari, naye akaumalizia huku macho ameyafumba. Pahali pamoja alinisimamisha: "Sivyo, mwanangu, sisi hatukusema hivyo." Nikagundua kwamba nakala ni nyingi na kila moja ina sauti yake. Mwana Kupona aliutunga 1858 kumwusia bintiye Mwana Hashima, na tangu hapo umepita mikono na vinywa vingi.

Mkono ulioniteka zaidi ni wa Muhamadi Kijuma, mshairi na mchonga milango wa Lamu aliyefariki 1945. Alinakili tenzi kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya, wakiwemo Alice Werner na William Hichens, ndiyo sababu kazi zake nyingi ziko London na Ujerumani. Vichwa vyake vya hati vimenakshiwa kwa uangalifu ule ule wa fundi wa milango. Nilifurahi kuviona, na nilihuzunika vilevile, kwa kuwa mtoto wa Lamu anahitaji intaneti ili aone kazi ya mtu wa mji wake.

Kwa hiyo mpango wa pili niliouzoea, Endangered Archives Programme wa British Library, umenigusa kwa namna nyingine. Humo mmepigwa picha hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, ule ulioanzishwa na Habib Swaleh. Katika mpango huo nakala za asili hubaki nchini kwao, picha ndizo zinazosafiri. Hati nyingi za Riyadha ni za Kiarabu: fikihi (sheria ya Kiislamu), nahau, maulidi. Usiruke kurasa za mwanzo, maana humo mna maandishi ya wakfu, yaani kitabu kimetolewa kwa ajili ya nani. Mimi ninakaa humo kuliko katika matini yenyewe.

Picha za kale nimezipitia haraka tu. Mkusanyo wa Winterton wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, una zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki za 1860 hadi 1960. Zitazameni, lakini maelezo yake yasomeni mkikumbuka ni nani aliyeshika kamera.

Tatizo kubwa la maktaba za namna hii ni kutafuta. Andika "utenzi", kisha "utendi". Andika "Kijuma", halafu "Kijumwa". Jaribu Mwana Kupona kwa maneno mawili na kwa neno moja. Maktaba moja iliniambia hamna kitu mara tatu, na hati ilikuwamo kwa tahajia ya kitaalamu. Picha pia ni nzito, kwa hiyo tumia waifai ukiweza, na soma masharti ya matumizi kabla ya kuchapisha popote.

Mwezi uliopita nilichapa ukurasa mmoja kwenye karatasi kubwa, nikampelekea bibi. Hajui kusoma herufi za Kirumi, lakini hizi alijifunza chuoni. Aliweka kidole kulia, akakiburuta polepole, akausoma ubeti wa kwanza mwenyewe. Kisha akaniuliza kurasa nyingine ziko wapi.