Kungwi wetu wa kicheni pati: ufundi anao, ila mizani imeelemea upande wa mke

Familia yetu ilimwita kungwi wa Kizaramo kumfunda binti wa dada yangu kabla ya harusi, katika ukumbi mmoja wa Temeke. Malipo yake yalikuwa shilingi laki tatu, mbali na fedha alizotunzwa akicheza, na kwa bei hiyo alikuja na wapiga ngoma, kinu, mkeka na shanga zake. Alifika kwa wakati. Chakula na vipaza sauti havikuwa juu yake, kwa hiyo sivihukumu hapa.

Kwa ufundi, mama huyu ni mahiri. Alimkalisha mwali mkekani, kichwa kimefunikwa kanga, akaanza kufumba na kufumbua: usafi wa mwili, hedhi na mambo ya chumbani, ambayo mama mzazi kwa desturi hayatamki mbele ya bintiye, yote yalipita katika nyimbo bila mtu kuona haya. Wasichana wa chuo kikuu waliuliza maswali ambayo sidhani wangethubutu kumuuliza daktari.

Kasoro imo katika sura ya mke anayomchora. Msichana mmoja alivikwa kanzu na kofia awe mume, mwali akafundishwa kumpokea mkoba, kumvua viatu na kumwosha miguu kwenye beseni, akiambiwa kwamba mume ndiye mtoto wa kwanza wa nyumba. Mwenye kofia hakufundishwa lolote. Likaja swali la mume mwepesi wa kupiga, na jibu likawa: funika kombe mwanaharamu apite. Shangazi mmoja aliyeketi nyuma akajibu papo hapo, “Na mficha uchi hazai, dada!” Ukumbi ukaripuka vigelegele, na kungwi akacheka kiungwana, kisha akaendelea na wimbo uleule. Methali zote mbili ni zetu, na anayechagua ipi iimbwe ndiye anayeamua mwali atoke na fikra gani.

Sheria imekwisha kuitangulia ngoma hii. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu katika rufaa ile. Mwali aliyetwangishwa kinu mbele ya ukumbi mzima alistahili kuambiwa hivyo.

Ningemwita tena, kwa sharti kwamba mtu wa familia akutane naye mapema na kumpa maneno ya kutia katika nyimbo, kwa kuwa ni mwepesi wa kutunga na hana kiburi. Wanaotaka muziki na picha tu watafute emsii. Huyu anahitaji mkeka, utulivu na alasiri nzima.